Kama Alivyokuwa Akifanya Tokea Hapo

Wapendwa katika Bwana, Bwana Yesu asifiwe.

Naomba tufungue kitabu cha nabii Danieli, sura ya 6, aya ya 10. Nitaisoma polepole, kwa maana kila kipande chake kina uzito. "Hata Danieli, alipojua ya kuwa yale maandiko yamekwisha kutiwa sahihi, akaingia nyumbani mwake, na madirisha katika chumba chake yalikuwa yamefunguliwa kukabili Yerusalemu, akapiga magoti mara tatu kila siku, akasali, akashukuru mbele za Mungu wake, kama alivyokuwa akifanya tokea hapo."

Nimeombwa nizungumze juu ya kuishi imani yetu kwa kujitoa, kwa kukaza macho, na kwa shukrani. Ningeweza kuyachukua mambo hayo matatu moja moja, lakini sitafanya hivyo, kwa sababu katika aya hii yamesimama pamoja ndani ya mtu mmoja na ndani ya chumba kimoja. Magoti yamepigwa, madirisha yanatazama upande mmoja, na kinywa kinashukuru. Ninaamini ukiliondoa moja, yale mengine mawili hayakai muda mrefu. Na linalotutoka mapema kuliko yote, kwa ninavyoona mimi, ni shukrani.

Kwanza tumfahamu mtu mwenyewe. Wengi tunapomfikiria Danieli katika tundu la simba tunamwona kijana. Hakuwa kijana. Alichukuliwa mateka angali mdogo, siku za mfalme Yehoyakimu, yapata mwaka 605 kabla ya Kristo. Babeli ilianguka mikononi mwa Wamedi na Waajemi mwaka 539. Piga hesabu mwenyewe. Ni zaidi ya miaka 60 katika nchi ya ugenini, chini ya wafalme waliopokezana, akiitwa kwa jina la kipagani alilopewa na watu wengine. Aliyepiga magoti siku ile alikuwa mzee wa miaka 80 hivi, na magoti ya mzee yana maumivu yake.

Tena alikuwa mtu mwenye shughuli. Mfalme Dario aliweka maliwali 120 juu ya ufalme, na juu yao mawaziri watatu, na Danieli alikuwa mmoja wa hao watatu. Maliwali walitoa hesabu kwao ili mfalme asipate hasara. Kwa lugha ya leo, mzee huyu alikuwa msimamizi wa fedha na utawala wa dola kubwa kuliko zote za wakati wake, na mfalme alikuwa akiwaza kumweka juu ya ufalme wote. Nalisema hili kwa sababu maneno ninayoyasikia mara nyingi kutoka kwa Wakristo wazuri kabisa ni haya: ningependa kuomba, lakini kazi. Danieli alikuwa na kazi.

Hapa naomba tukae kidogo, maana kuna jambo tunalipita haraka tukikimbilia simba. Wenzake walipotaka kumwangusha, hawakuanza na maombi yake. Walianza na kazi yake. Biblia inasema walitafuta sababu ya kumshitaki kwa habari za mambo ya ufalme, wakakosa. Hawakuona kosa wala hatia, kwa maana alikuwa mwaminifu. Walikagua mafaili, tuseme hivyo. Walipitia hesabu, maamuzi, watu aliowapa vyeo. Wakatoka mikono mitupu. Ndipo wakasema hawatapata sababu juu ya mtu huyu, wasipoipata katika sheria ya Mungu wake.

Ndugu zangu, huo ni ushuhuda mkubwa, na umetoka vinywani mwa maadui. Kujitoa kwa Danieli hakukuishia chumbani juu. Kulishuka ngazi pamoja naye, kukaingia ofisini, kukaonekana katika daftari. Mtume Paulo anapowaandikia Warumi, sura ya 12, anawasihi waitoe miili yao iwe dhabihu iliyo hai, na anaiita hiyo ndiyo ibada yao yenye maana. Anataja miili. Mwili ndio unaoamka asubuhi, unaoketi mezani kusaini karatasi, unaolea watoto, unaosimama kwenye foleni, unaojibu mtu kwa upole au kwa ukali. Tukiwa watu wa kukesha usiku wa Ijumaa na watu wa kuiba saa za mwajiri siku ya Jumatatu, basi bado hatujajitoa. Nasema hili bila kumlenga yeyote. Ila kila mmoja ajiulize, wakija kukagua kwangu, watalazimika kurudi kwenye maombi yangu ili wapate la kunishitaki?

Na wangeyapata? Hilo nalo linauma. Mtego wao ulitegemea jambo moja tu, kwamba Danieli angeomba. Walimshawishi mfalme aweke marufuku ya siku 30, mtu asiombe dua kwa mungu wala mtu awaye yote isipokuwa kwa mfalme, na atakayevunja atupwe katika tundu la simba. Mtego wa namna hiyo unategwa kwa mtu ambaye ratiba yake ya sala inajulikana. Walijua ni mara tatu. Walijua mahali. Kwa hiyo hawakuhitaji wapelelezi wengi. Walikusanyika tu, wakamkuta.

Sasa twende kwenye maneno ya mwisho ya aya yetu: "kama alivyokuwa akifanya tokea hapo." Amri ilipotiwa sahihi, Danieli hakuanzisha mfungo mpya. Hakuita mkutano wa dharura. Hakuongeza sala ya nne kwa kuonyesha ushujaa, wala hakupunguza moja kwa busara. Alirudi nyumbani akafanya alichokifanya jana. Ushujaa wake wote uko katika neno hilo la kawaida. Alikuwa amekwisha kuuchagua upande wake kwa miaka mingi, mara tatu kila siku, katika siku ambazo hakuna aliyekuwa akimtazama. Ilipokuja siku mbaya, hakuwa na uamuzi mpya wa kufanya.

Sisi tumezoea imani ya milipuko. Tunawaka katika semina, tunaweka nadhiri mwanzoni mwa mwaka, tunalia madhabahuni, kisha wiki tatu baadaye Biblia imefunikwa na vitu vingine mezani. Siidharau semina, na machozi ya madhabahuni nimeyaona yakigeuza maisha ya watu. Lakini mti hauishi kwa mvua moja ya gharika. Unaishi kwa unyevu unaorudi. Kanisa la kwanza lilijua hili. Katika Didake, maandiko ya zamani sana ya Wakristo, ambayo wataalamu wengi huyaweka mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa karne ya 2, waamini wanaelekezwa waombe Sala ya Bwana mara tatu kwa siku. Mara tatu zile zile. Na mwenye Zaburi ya 55 alikuwa amekwisha kusema: jioni, asubuhi na adhuhuri. Kuna watu watakaokuambia kuomba kwa saa maalumu ni utumwa wa sheria, kwamba Roho huongoza bila ratiba. Mimi siafikiani nao. Petro na Yohana walipanda hekaluni saa ya kusali, saa tisa, na ni njiani kwenda kwenye sala hiyo ya ratiba ndipo wakamkuta yule kiwete mlangoni, akainuliwa. Roho hakuona shida na ratiba yao.

Nije kwenye madirisha. Yalifunguliwa kukabili Yerusalemu. Lakini Yerusalemu ipi? Mji ulikuwa umebomolewa na hekalu kuchomwa moto na jeshi la Nebukadreza, mfalme wa Babeli, mwaka 586 hivi kabla ya Kristo. Danieli alikuwa akitazama magofu, tena kutoka mbali kiasi cha kutoyaona. Kwa nini basi? Kwa sababu Sulemani, alipoliweka wakfu lile hekalu, aliomba kwamba watu wakichukuliwa mateka, wakatubu huko ugenini, wakaomba kwa kuielekea nchi yao na mji huu na nyumba hii, basi Mungu asikie mbinguni. Mnaweza kusoma wenyewe katika Wafalme wa Kwanza sura ya 8. Na sura ya 9 ya Danieli inatuonyesha alikuwa msomaji wa Yeremia. Aliijua ile miaka 70 ya ukiwa wa Yerusalemu iliyotajwa na nabii. Kwa hiyo macho yake yalikuwa juu ya ahadi. Mji ulikuwa umeanguka, neno halikuwa limeanguka.

Huko ndiko kukaza macho kwa Mkristo. Waebrania 12 inasema tupige mbio kwa saburi, "tukimtazama Yesu, mwenye kuanzisha na mwenye kutimiza imani yetu." Paulo kifungoni anawaandikia Wafilipi kwamba anatenda neno moja tu; anayasahau yaliyo nyuma, anayachuchumilia yaliyo mbele. Neno moja! Wahenga wetu walisema mshika mawili moja humponyoka. Leo mtu ameshika ishirini. Ameshika simu inayomwita kila dakika, ameshika habari za watu asiowajua, ameshika wivu wa maisha ya jirani, ameshika hofu ya kesho, kisha anashangaa kwa nini sala yake haina nguvu.

Lakini nisieleweke vibaya, kwa sababu hapa ndipo akina mama na wale wanaohudumu jikoni huumizwa na wahubiri. Tunamchukua Martha wa Bethania tunamfanya mfano mbaya kana kwamba kupika kulikuwa dhambi. Msome vizuri Luka. Bwana hakumkemea kwa kazi. Alimwambia, "Martha, Martha, unasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi." Kasoro ilikuwa katika moyo uliotawanyika, na katika kumtazama kwa hasira dada yake Mariamu, aliyeketi kumsikiliza Yesu, badala ya kumtazama mgeni wake. Kisha nendeni Yohana sura ya 12, siku sita kabla ya Pasaka. Wako Bethania tena, wamemwandalia karamu, na Yohana anaandika kwa maneno machache, "naye Martha akatumikia." Hakuna karipio. Mwanamke yule yule, kazi ile ile, na wakati huu Bwana hana neno juu yake. Ninalipenda andiko hilo kuliko ninavyoweza kueleza. Martha hakuacha kuhudumu ili awe mfuasi mzuri. Alijifunza kuhudumu bila kufadhaika.

Katika karne ya 17 huko Paris aliishi mtawa wa shirika la Kikatoliki la Wakarmeli aliyejulikana kama Ndugu Lawrence. Aliwahi kuwa askari, mguu wake ukaumia, na katika nyumba ya watawa akapangiwa jikoni, kazi ambayo kwa asili yake hakuipenda. Akaifanya kwa miaka mingi, akizungumza na Mungu katikati ya sufuria, mpaka watu wenye vyeo katika Kanisa wakawa wanamtafuta ili wajifunze kwake kuomba. Hakutafuta chumba cha utulivu kwanza. Alikaza macho palepale alipowekwa.

Na sasa shukrani. Aya inasema akasali, "akashukuru." Jamani, siku ile? Anajua maandiko yametiwa sahihi. Anajua sheria ya Wamedi na Waajemi haibadiliki. Anajua waliko simba. Ningemwelewa kabisa kama angeomba ulinzi tu, na aya inayofuata inasema aliomba na kusihi pia. Lakini alishukuru.

Alishukuru nini, hatuambiwi. Ila tunajua hakuanza siku ile. Rudi sura ya 2: kijana Danieli yuko chini ya hukumu ya kifo pamoja na wenye hekima wote wa Babeli kwa sababu ya ndoto ya mfalme. Mungu anamfunulia siri usiku. Kabla hajamkimbilia mfalme kuokoa shingo yake, anasimama anasema, "Nakushukuru, nakuhimidi, Ee Mungu wa baba zangu." Kijana aliyeshukuru kwanza ndiye mzee aliyeshukuru chini ya amri ya simba. Moyo wake ulikuwa umejua njia ile kwa miaka zaidi ya 60.

Nimesema shukrani ndiyo hututoka mapema. Nisemeje? Paulo, katika Warumi sura ya 1, anapoeleza jinsi wanadamu walivyoanguka gizani, hataji kwanza yale madhambi makubwa tunayopenda kuyahubiri. Anasema walipomjua Mungu "hawakumtukuza kama ndiye Mungu wala kumshukuru." Hapo ndipo moyo ulipotiwa giza. Mengine yote yakafuata. Mtu haamki siku moja akaacha kuamini. Anaanza kwa kupokea bila kusema asante. Chakula kinakuwa haki yake, afya inakuwa haki yake, msamaha wenyewe unakuwa haki yake. Baada ya muda sala inakuwa orodha ya madai, na ibada inakuwa mzigo, kwa kuwa hakuna anayefurahia kumtumikia mtu anayemwona kuwa ni mdeni wake.

Tazameni wale kumi wenye ukoma katika Luka 17. Tunawalaumu wale tisa kana kwamba walikuwa wabaya. Walikuwa na imani! Yesu aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani, nao wakaenda wakiwa bado na ukoma, wakatakasika njiani. Walitii neno lake kabla ya kuona chochote. Walilolipungukiwa ni kurudi tu. Na aliyerudi alikuwa Msamaria, mgeni, akaanguka kifudifudi miguuni pake, akimshukuru. Wote kumi walipata ngozi mpya, mmoja alisikia, "imani yako imekuokoa." Makanisa yetu yamejaa watu waliotakasika, na mimi najiuliza ni wangapi tuliorudi.

Hata hivyo nina neno la kusema kwa uangalifu. Paulo aliwaandikia Wathesalonike, "shukuruni kwa kila jambo." Barua hiyo ni miongoni mwa maandiko ya kwanza kabisa ya Agano Jipya, ya miaka ya 50 na kitu baada ya Kristo, na waliopokea walikuwa watu wa kuteswa, nyumba ya Yasoni, aliyemkaribisha Paulo, ilivamiwa katika mji ule ule, naye akaburutwa mbele ya wakubwa wa mji. Paulo hakuwa anawafurahisha watu walioshiba. Lakini tafadhali tusilichukue andiko hili tukampiga nalo aliyefiwa. Nimesikia mtu akimwambia mjane, mbele ya kaburi, ashukuru tu na asilie. Huo si utii wa Maandiko. Yohana 11 inasema Yesu alilia machozi; ni aya ya 35. Kisha aya ya 41, kwenye kaburi la rafiki yake Lazaro, akainua macho akasema, "Baba, nakushukuru kwa kuwa umenisikia." Machozi na shukrani vilitoka katika uso mmoja, na machozi yalitangulia. Habakuki naye hakusema mtini umechanua. Alisema hautachanua, mashamba hayatatoa chakula, zizini hamna kundi, akayataja yote kwa majina yake, na baada ya kuyataja akasema, "walakini nitamfurahia Bwana." Shukrani ya Mkristo haifichi hasara.

Na usiku ule aliotolewa, Bwana wetu alifanya nini? Alitwaa mkate, akashukuru, akaumega. Alijua ni mwili wa nani utakaomegwa. Yuda alikuwa ameketi mezani. Akashukuru. Baadaye, Mathayo anasema, waliimba, wakatoka kwenda mlima wa Mizeituni. Kwa desturi ya Wayahudi, mlo wa Pasaka ulifungwa kwa zaburi zinazoishia na ile ya 118. Nikifikiri kwamba huenda Mwana wa Mungu alielekea Gethsemane akiwa ametoka kuimba "Mshukuruni Bwana kwa kuwa ni mwema," sipati la kuongeza.

Mtaniuliza tuanzie wapi. Kwa kifupi: chagueni saa zenu, na ziwe saa mnazoweza kuzitimiza mkiwa wachovu. Afadhali dakika tano zinazorudi kila siku. Asubuhi, Mungu asikilizwe kabla ya simu. Katika kila sala, shukuruni kwa jambo lenye jina, na kwa mtu mwenye jina, kama Paulo anavyofungua barua zake karibu zote kwa kuwashukuria watu anaowaandikia. Kisha mwende mkamwambie mtu huyo. Kuna wazazi waliozeeka bila kusikia neno asante kutoka kwa watoto wanaoimba sifa kila Jumapili. Na shukrani ifike mfukoni pia: Paulo anawaambia Wakorintho, katika barua ya pili, sura ya 9, kwamba mchango wao unawatimizia watakatifu mahitaji, na zaidi ya hapo unazaa shukrani nyingi kwa Mungu. Ukimpa mwenye njaa, kesho kutakuwa na sauti moja zaidi inayomshukuru Mungu.

Najua humu ndani wapo ambao leo magoti hayapigiki. Umeomba juu ya jambo moja miaka na miaka, na ukifungua kinywa kushukuru hakitoki kitu. Kwako wewe ninalo jambo moja kutoka sura ya 2. Danieli alipokuwa chini ya hukumu, alikwenda nyumbani akawaambia wenzake, Hanania, Mishaeli na Azaria, ili waombe rehema kwa Mungu pamoja naye. Hata Danieli hakuomba peke yake. Usijilazimishe maneno ambayo huna. Kaa karibu na anayeweza kuyasema.

Kwa hiyo sasa tutafungua Zaburi ya 118, na tutaisoma yote, aya zote 29, sote pamoja. Mwenye nguvu asome kwa sauti. Asiyeweza, asikilize, jirani yake atamsomea. Tusimame.